Sakafu ya chumba cha kusikilizia ichaguliwe kwa sikio, si kwa jicho tu



Wiki hii tunaomba ruhusa ya kuzungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo, nalo ni sakafu. Si sakafu ya jikoni wala ya msalani, bali ya kile chumba ambamo jamaa hukusanyika baada ya Isha kusikiliza: tilawa iliyorekodiwa, darsa ya redioni, kasida, utenzi unaosomwa kwa sauti, au mtoto anayedurusu juzuu yake mbele ya wakubwa. Zipo pia nyumba ambamo husikilizwa tarabu za zamani za Unguja, Mombasa na Tanga. Nini kisikilizwe na nini kiachwe ni mas'ala yenye wenyewe, na masheikh wetu huyajibu katika kurasa nyingine za gazeti hili. Sisi katika safu hii tutajifunga na chumba chenyewe, kwa sababu chumba hakichagui: kikiwa kibaya kwa sauti, huharibu kila kinachosikilizwa ndani yake.

Haya tumeyajua kwa kujikwaa wenyewe, kwa hiyo tutaanza na kisa cha nyumbani kwetu Tanga.

Bibi aliyeacha kuja sebuleni

Bibi yetu alisomesha chuo kwa zaidi ya miaka 30. Alipokuwa hawezi tena kukaa na watoto wa watu, alibaki na wajukuu zake. Kila usiku alikaa katika kiti chake karibu na mlango, tasbihi mkononi, nao wakisoma mmoja baada ya mwingine. Hakuwa na msahafu mbele yake. Mtoto akiifanya swadi kuwa sini, au akiifupisha madda, Bibi alisema neno moja tu, "Rudi," na mtoto akarudi.

Mwaka juzi tuliifanyia nyumba matengenezo. Sebule ile ilikuwa na sakafu ya zamani ya saruji nyekundu, iliyojaa nyufa. Juu yake palitandikwa jamvi, na juu ya jamvi zulia zito lililokwisha rangi. Pembeni mwa kuta palikuwa na matakia marefu ya kukalia chini. Tuliyaona yote hayo kuwa ni uchakavu. Tukaweka marumaru nyeupe zinazong'aa kutoka ukuta hadi ukuta, dari mpya iliyolainishwa vizuri, madirisha makubwa ya vioo, na meza ya kioo katikati. Zulia na jamvi tukavitoa, na matakia tukayagawa. Majirani walikuja kutupa hongera, nasi tukazipokea kwa furaha.

Hazikupita wiki nyingi, Bibi akawa hasemi tena "Rudi." Kisha akawa haji kabisa. Akiswali Isha, hujifungia chumbani kwake. Tulipomuuliza alitujibu, "Nasikia sauti, wanangu, lakini maneno siyapati. Wacheni nipumzike."

Tukaambiana kuwa ni uzee. Tulimpeleka kwa daktari wa masikio, akatoa nta, akampima, akatueleza kuwa kusikia kwake kumepungua kiasi cha umri wake, hasa kwa sauti nyembamba. Tukarudi nyumbani tumeridhika na jibu lile. Kwa upande wa watoto, mdogo wao wa mwisho aligundua kuwa sasa anaweza kusoma mbio mbio na hakuna wa kumrudisha, na jambo hilo likampendeza sana. Hapo ndipo tulipopaswa kushtuka, nasi hatukushtuka.

Ikaja khitma ya ndugu yetu mmoja. Wageni wa Pangani na Mombasa walilala kwetu, na sebule yote ikatandikwa magodoro, mito na mablanketi. Usiku ule kijana mmoja wa wageni alikuwa akisoma. Bibi alikuwa akipita ukumbini kwenda chumbani kwake, akasimama mlangoni, akaegemea mwimo. Kijana akateleza katika herufi moja.

"Rudi," akasema Bibi.

Chumba kizima kikanyamaza. Masikio ya Bibi yalikuwa yale yale ya wiki iliyopita. Kilichobadilika ni sakafu tu, iliyokuwa imefunikwa kwa magodoro.

Sauti hufanya nini ndani ya chumba

Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 340 kwa sekunde. Msomaji akitamka neno, sehemu ya sauti yake humfikia msikilizaji moja kwa moja. Iliyobaki hupiga sakafu, dari na kuta, kisha hurudi, hupiga tena na kurudi tena, kila mara ikipungua kidogo. Ukutani palipo pagumu na laini hupungua kidogo mno. Palipo na kitu chenye nyuzi na vitundu, sauti huingia ndani yake, huhangaika baina ya nyuzi na kufia humo.

Tusidhani kwamba kila marejeo ya sauti ni adui. Yale yanayotufikia upesi, ndani ya sehemu 50 hivi za sekunde iliyogawanywa mara 1,000, sikio huyaunganisha na sauti ya asili na kuyahesabu kuwa ni nguvu ya ziada. Ndiyo maana kusoma uwanjani kunachosha zaidi kuliko kusoma ndani. Madhara huletwa na yale yanayochelewa na kurundikana. Irabu huwa na nguvu na hudumu, na herufi kama sini, swadi, thaa, faa na kaafu ni nyepesi na fupi. Irabu ya silabi iliyopita ikiwa bado inazunguka chumbani, huifunika herufi ya silabi inayofuata. Kijana mwenye masikio mazima hujaza pengo kwa akili yake bila kujua. Mzee, ambaye umri huanza kumpokonya sauti zile zile nyembamba, hana cha kujazia. Husikia sauti, na maneno hayapati, kama Bibi alivyotuambia, nasi tukadhani anajisemea tu.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo wasikilizaji walikuwa hawaelewi kinachosemwa. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, akapewa kazi ya kutafuta sababu. Alikuta kwamba neno moja lililotamkwa humo huendelea kusikika kwa karibu sekunde 5 na nusu, na katika muda huo msemaji amekwishatamka maneno mengine mengi. Usiku, mji ukitulia, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa jirani, wakaipanga humo, wakapiga filimbi ya kinanda na kupima kwa saa muda wa sauti kufifia. Kabla ya asubuhi waliirudisha mito mahali pake. Kila mito ilipoongezeka, muda ulipungua. Kutokana na kazi hiyo Sabine alipata kanuni ambayo mafundi wa sauti huitumia mpaka leo, na ukumbi wa muziki wa mji wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulijengwa kwa kufuata ushauri wake.

Tuliposoma habari hii tulicheka, kisha tukanyamaza. Magodoro ya wageni wa khitma yalikuwa yametufanyia kazi ile ile bila ya sisi kukusudia.

Hesabu ya chumba kimoja

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya unywaji wa sauti wa kila kilichomo. Unywaji hupimwa kwa kulinganisha na dirisha lililo wazi: mita 1 ya mraba ya dirisha wazi huipoteza sauti yote inayoifikia, hivyo huhesabiwa 1 kamili.

Tuchukue sebule ya mita 5 kwa 4, yenye kimo cha mita 3. Ujazo wake ni mita 60. Kuta na dari zilizopigwa lipu hunywa takriban sehemu 3 katika 100 za sauti ya kati, na marumaru hunywa sehemu 1 tu. Chumba hicho kikiwa kitupu, sauti hubaki kwa karibu sekunde 4. Wakiingia watu 5, ambao kila mmoja kwa mwili na nguo zake hunywa kama nusu mita ya dirisha, muda hushuka hadi karibu sekunde 2. Ukitandika zulia zito sakafu nzima juu ya saruji, hata bila watu, muda ni kama sekunde 1. Na ukiweka chini ya zulia hilo tandiko nene la sponji au la manyoya yaliyoshindiliwa, hushuka hadi kama sehemu 6 katika 10 za sekunde. Kwa usemi na tilawa katika chumba cha nyumbani, kiasi hicho ndicho kinachofaa.

Msomaji asiyependa hesabu ana kipimo kingine kisicho na gharama. Asimame katikati ya chumba, apige kofi moja kavu, anyamaze. Akisikia mlio unaobaki ukizizima au ukitetema kama waya, chumba chake ni kikali.

Tuzitazame sakafu moja moja

Marumaru, terazo na saruji iliyosuguliwa zina fadhila zake, nasi hatuzitukani. Ni baridi kwa miguu katika joto letu la pwani, hufutwa kwa kitambaa kimoja, hazishikiki na unyevu, na tahara yake ni nyepesi. Kwa sauti zote ni ndugu mmoja: zinairudisha karibu yote. Aliyekwisha kuziweka asizivunje. Atafute cha kutandika.

Kapeti la plastiki huwadanganya wengi kwa sababu ya jina lake. Miguu huhisi ulaini kidogo, lakini uso wake umeziba, hauna nyuzi za kuingiza sauti. Halipishani sana na saruji iliyo chini yake.

Sakafu ya mbao ina sura mbili. Vibao vilivyogundishwa moja kwa moja juu ya saruji hunywa sauti kidogo tu, ingawa hazina ule ukali wa marumaru. Mbao zilizopigiliwa juu ya boriti, zenye uwazi chini yake, hutetemeka, na kwa kutetemeka huko hunywa kiasi fulani cha sauti nene. Hiyo ni faida, ila ina sharti: redio au spika kubwa ikiwekwa juu yake bila mpira mzito wa kuizuia, sakafu nayo huanza kuvuma, na mvumo huo hufunika usomaji.

Mkeka wa ukindu ni pambo na ni urithi, na pa kuswalia hauna mpinzani. Ila tuseme kweli: mkeka mmoja mwembamba juu ya marumaru hunywa kidogo sana. Unene ndio unaofanya kazi. Wazee waliotandika jamvi kwanza, kisha mkeka au zulia juu yake, walikuwa wakikusanya unene bila kutaja fizikia.

Zulia zito ndilo linalofanya kazi kubwa kuliko vyote, lakini hata nalo lina mipaka. Katika sauti ya kati, ya mitetemo 1,000 kwa sekunde, zulia zito juu ya saruji hunywa sehemu kama 37 katika 100, na likiwa na tandiko chini yake hufika karibu 70. Katika sauti nene ya mitetemo 125, hunywa sehemu 2 hivi, na lenye tandiko 8. Kwa hiyo anayetandika zulia peke yake na kuacha chumba bila kitu kingine huenda akapata sauti iliyozimwa juu na kuvuma chini, kama mtu anayesema ndani ya mtungi. Makochi manene, kabati lililojaa vitabu na godoro la kukalia husaidia kumaliza ule mvumo.

Tuongeze pia kwamba hatutafuti chumba kilichokufa. Tilawa hupendeza ikiwa na uhai kidogo nyuma yake, ndiyo maana misikiti mingi yenye makuba hutuvutia masikio. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye mwaka 1961 alirekodi msahafu mzima kwa murattal, husikika herufi moja moja bila haraka wala vumbi la mwangwi. Ukiicheza rekodi yake katika chumba kinachorudisha kila kitu, kazi yote ile ya makhariji unaifuta mwenyewe sebuleni kwako.

Kifua cha mtoto

Msomaji atasema: basi rudisheni zulia, kisa kimekwisha. Nasi tulitaka kufanya hivyo. Tulikwenda dukani, tukapima, tukataka lile la kubandikwa kutoka ukuta hadi ukuta.

Mama wa yule kitinda mimba wetu ndiye aliyetuzuia. Mtoto yule ana pumu. Tangu zulia la zamani litoke, alikuwa hajaamka usiku hata mara moja akitafuta pumzi, na sisi wengine hatukuwa tumeliona hilo kwa sababu hatukuwa sisi tuliokesha naye. "Bibi nampenda kama mama yangu," alisema, "lakini msinirudishie usiku wangu ule." Hakuna aliyekuwa na jibu.

Na alikuwa na haki. Zulia lililobandikwa halifuliki. Katika unyevu wa pwani vumbi hukaa ndani yake, na pamoja na vumbi wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao ni miongoni mwa vichochezi vya pumu vinavyojulikana sana. Iko na shida ya tahara: mtoto mchanga akikojoa juu ya zulia lisilong'oka, kulisafisha ni kazi, na chumba hicho hicho ndicho tunachoswalia jamaa.

Tukakaa kikao cha nyumba nzima. Upande mmoja masikio ya mzee, upande wa pili mapafu ya mtoto. Tulikuwa tumekaribia kuamua kuwa Bibi aletewe redio yake chumbani na mambo yaishe. Ni Bibi mwenyewe aliyeukata mjadala. "Mimi nimesikia miaka sabini," alisema. "Huyu kupumua ndiyo kwanza anaanza. Zulia lisiwekwe." Akainuka kwenda zake. Ilituuma kuona mzee ametupa ruhusa ya kumwacha nje, na kwamba tulikuwa karibu kuipokea.

Tulivyofanya

Tulirudi kwenye ile kanuni, tukagundua kuwa haisemi lazima unywaji uwe sakafuni kote, wala lazima uwe sakafuni pekee. Inataka jumla tu. Kwa hiyo tuliigawa.

Sakafuni tuliweka mazulia mawili madogo ya pamba, ya mita 3 kila moja, ambayo watu wawili wanaweza kuyabeba mpaka uani. Chini yake tuliweka tandiko la sponji linalofutika kwa kitambaa. Tuliyaweka baina ya kiti cha msomaji na kiti cha Bibi, kwa sababu pale ndipo sauti inapopiga kwanza kabla ya kumfikia. Kila wiki hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani mpaka yakauke kabisa, na kwa mujibu wa ushauri wa daktari wa mtoto, yeye hukaa upande wa pili, juu ya mkeka mtupu unaopanguswa kila siku.

Kwa kuwa mazulia yasiyobandikwa huteleza, na mzee akianguka nyonga ndiyo hulipa, tuliweka wavu wa mpira chini yake na kuzibana ncha zake kwa miguu ya makochi. Jambo hili tunaomba lisidharauliwe na yeyote mwenye mzee nyumbani.

Ukutani, nyuma ya anaposimama msomaji, tulitundika mifarishi miwili ya pamba. Kwa macho ni mapambo, kwa sauti ni kama zulia lililosimama, na nayo huteremshwa na kufuliwa. Meza ya kioo tuliihamisha. Redio tuliitoa pembeni mwa kuta mbili, ambapo pembe huikuza sauti nene. Dirisha moja la upande wa bustani tunaliacha wazi, maana hakuna zulia linaloshinda dirisha wazi, alimradi nje pawe kimya.

Na la mwisho, ambalo halikugharimu hata senti, tulikisogeza kiti. Umbali ukipungua kwa nusu, sauti inayokwenda moja kwa moja huongezeka nguvu mara nne, huku mwangwi wa chumba ukibaki ulivyo. Bibi alikuwa akikaa mita 4 kutoka kwa msomaji. Sasa ni mita 2, uso kwa uso, na midomo ya mtoto anaiona.

Kabla ya kununua chochote tulifanya jaribio, nasi tunamshauri kila msomaji alifanye. Kwa siku 3 tulileta magodoro na mablanketi ya vyumbani, tukayapanga leo hapa, kesho pale, tukasikiliza, na kuyarudisha usiku. Fedha ziliingia baada ya sikio kuridhika.

Haki ya jirani wa chini

Wako wasomaji wetu wanaoishi ghorofani, Kariakoo, Mombasa au kwingineko, nao hudhani zulia litamkinga jirani na redio yao. Hapa pana kosa linalorudiwa mno. Zulia lenye tandiko hupunguza sana kishindo cha nyayo, cha kiti kinachoburutwa na cha mtoto anayeruka, kwa sababu huzuia pigo lisiingie kwenye zege. Sauti inayosafiri hewani ni jambo jingine. Hiyo huzuiwa na uzito wa ukuta na kuzibwa kwa nyufa za milango na madirisha, si kwa ulaini wa sakafu. Chumba chako kinaweza kuwa kimetulia kwako na jirani akawa bado anayasikia yote.

Dawa yake ni ule wasia wa Luqman kwa mwanawe wa kuinamisha sauti. Na hapa sakafu njema ina msaada wa namna yake: katika chumba kisicho na mwangwi, maneno hueleweka kwa sauti ndogo, kwa hiyo hapana haja ya kuiongeza. Sisi tulipokuwa na marumaru matupu tulikuwa tukiipandisha redio kila siku kwa ajili ya Bibi, na kila tulipoipandisha mwangwi nao ulipanda, tukawakera majirani bila kumfaa mzee.

Kwa anayejenga leo

Ambaye hajaweka sakafu bado, tunamwambia asiichague akiwa dukani chini ya taa, bali aulize kwanza nani atakaa chumbani na atafanya nini humo. Akiwa na mzee, afikirie masikio na mtelezo. Akiwa na mwenye pumu, afikirie kifuliwacho na kinachoanikwa. Akiwa ghorofani, afikirie aliye chini. Marumaru yanafaa kuwa msingi, na juu yake kitandikwe kinachoinuka. Na mzee wake akimwambia kuwa anasikia sauti na maneno hayapati, ampeleke kwa daktari wa masikio bila kuchelewa, kisha akirudi nyumbani apige kofi moja katikati ya sebule.

Bibi amerudi kwenye kiti chake. Hapati kila neno, umri una haki yake, na usiku mwingine husinzia kabla ya mwisho. Wiki iliyopita kitinda mimba wetu alikuwa akisoma mbio mbio kama alivyojizoeza katika ule mwaka wa marumaru matupu. Alifika mahali akairuka madda.

"Rudi," akasema Bibi, macho amefumba.

Mtoto akavuta pumzi ndefu, bila kukohoa, akarudi.

Tunamwomba Allah awape wazee wetu masikio na watoto wetu afya, na atujaalie tuwe wenye kuwasikiliza wote wawili. Wabillahi tawfiq.